Mchanganyiko wa Madini kwa Vifaranga vya Samaki: Unachotimiza na Usichoweza Kubeba

Bidhaa ninayoitathmini hapa ni mchanganyiko wa madini wa unga, ambao wafugaji wengi huuita premiksi, uliotengenezwa mahsusi kwa vifaranga vya samaki tangu wanapoanza kula hadi wanapofikia ukubwa wa kuhamishiwa kwenye mabwawa ya kukuzia. Unauzwa katika mfuko wa kilo 25 wenye utando wa plastiki ndani, rangi yake ni kijivu kilichofifia, na maelekezo yake ni mafupi: kilo 5 kwa kila tani moja ya chakula. Sitalitaja jina la kiwanda, kwa kuwa karibu kila nitakalosema linaihusu jamii nzima ya bidhaa zinazouzwa kwa kipimo hicho hicho, na mfugaji mwenye mfuko wa kampuni nyingine ataweza kuupima kwa hesabu hizi hizi.

Nianze na hukumu yenyewe ili msomaji mwenye haraka asipotee. Kwa madini yanayohitajika kwa kiasi kidogo sana, yaani zinki, chuma, shaba, manganizi, seleniamu na iodini, mchanganyiko huu umepangwa kwa uangalifu na ningeununua tena bila kusita. Kwa fosforasi, ambayo ndiyo iliyoandikwa kwa herufi kubwa kuliko zote mbele ya mfuko pamoja na maneno “mifupa imara”, mchanganyiko huu hautoshi na hauwezi kutosha kwa kipimo kilichoelekezwa, na jambo hilo lina uzito kwa sababu fosforasi ndiyo madini ambayo kifaranga wa samaki hana pa kuyapata isipokuwa katika chakula.

Samaki hafanani na kuku wala ng'ombe katika jambo hili. Kalsiamu kwa kiasi kikubwa huifyonza moja kwa moja kutoka kwenye maji kupitia matamvua, na ndiyo maana vifaranga wengi wanaolelewa katika maji yenye chokaa ya kutosha hawaonyeshi upungufu wa kalsiamu hata chakula kikiwa nayo kidogo. Hali hubadilika maji yakiwa laini mno, yaani yenye chokaa kidogo sana. Katika majaribio yaliyofanywa kwenye maji yasiyo na kalsiamu kabisa, kambare wa Marekani walihitaji kiasi cha asilimia 0.45 ya kalsiamu katika chakula, na perege wa buluu walihitaji takriban asilimia 0.7. Fosforasi ni kinyume chake: katika maji ya kawaida imo kwa kiasi kidogo mno, matamvua huipata kwa shida, na kifaranga anayejenga mifupa, magamba na misuli kwa kasi kubwa huitegemea sahani yake tu. Mtu anayenunua madini ya samaki kwa mazoea ya kununua madini ya mifugo ya nchi kavu, akiitazama kalsiamu kwanza, anaanzia mahali pasipofaa.

Sasa lebo. Kwa kila kilo moja ya mchanganyiko, mtengenezaji anaonyesha zinki miligramu 6,000, chuma miligramu 8,000, manganizi miligramu 2,600, shaba miligramu 800, iodini miligramu 200, seleniamu miligramu 60 na fosforasi asilimia 12. Takwimu hizi hazimwambii mfugaji lolote mpaka azigawanye. Kilo 5 zikiingia katika tani moja, kila kilo ya chakula inapata gramu 5 tu za mchanganyiko, kwa hiyo zinki inayofika kwa samaki ni miligramu 30 kwa kilo ya chakula, chuma ni 40, manganizi ni 13, shaba ni 4, iodini ni 1 na seleniamu ni 0.3. Ninapenda lebo inayokubali kukokotolewa namna hii. Nimekutana na mifuko inayotaja majina ya madini bila kiasi chochote, na bidhaa ya namna hiyo haistahili hata kujadiliwa, kwa sababu mnunuzi hana njia ya kujua kama anaweka pungufu au anaweka sumu.

Ukizilinganisha takwimu hizo na mahitaji yanayojulikana, aliyeupanga mchanganyiko anaonekana kuijua kazi yake. Trauti na karpi huhitaji manganizi ya miligramu 12 hadi 13 kwa kilo ya chakula, na wakiikosa hudumaa na miili yao huwa mifupi isiyo ya kawaida. Shaba ya miligramu 3 hadi 5 huwatosha samaki wengi waliochunguzwa. Chuma cha miligramu 30 humtosha kambare wa Marekani, ingawa karpi aliyelishwa chakula cha maabara alihitaji hadi 150. Katika chuma sioni sababu ya kudai zaidi, kwa kuwa viungo vya kawaida vya chakula huwa nacho cha kutosha, na chuma kikizidi huharakisha kuchacha kwa mafuta, jambo ambalo ni hatari kubwa zaidi kwa kifaranga kuliko upungufu mdogo.

Zinki inahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu hapa ndipo chakula chenyewe kinapoweza kuifanya namba nzuri kuwa mbovu. Kambare wa Marekani waliopewa chakula kilichosafishwa cha maabara walitosheka na miligramu 20 za zinki kwa kilo, lakini chakula kilipokuwa na fiteti nyingi, kile kiambata kinachohifadhi fosforasi ndani ya mbegu za mimea, ilibidi kiwango kipandishwe hadi karibu miligramu 150 ili samaki wapate ile ile waliyohitaji. Fiteti huikamata zinki ndani ya utumbo na kuipitisha nje pamoja na kinyesi, na kalsiamu ikiwa nyingi hufunga fundo hilo kwa nguvu zaidi. Majivu mengi, yaani madini ya mifupa, katika unga wa samaki uliosagwa pamoja na mifupa nayo huleta shida inayofanana: vifaranga vya trauti waliolishwa unga wa aina hiyo walipata mtoto wa jicho katika macho yote mawili, na nyongeza ya zinki ndiyo iliyowakinga. Kwa hiyo miligramu 30 za mchanganyiko huu zinamtosha mfugaji ambaye chakula chake kina unga bora wa samaki na soya kiasi. Yule ambaye chakula chake ni soya, pumba na mashudu peke yake anahitaji zinki zaidi, au kimeng'enya cha fitesi cha kuivunja fiteti, na lebo haimwonyi hata kidogo.

Lebo inastahili sifa kwa jambo moja ambalo wengi hulipita: inataja chumvi zilizotumika. Zinki, chuma, manganizi na shaba zote ziko katika umbo la salfeti, ambalo huyeyuka kwa urahisi na kufyonzwa vizuri. Bidhaa nyingi za bei ya chini hutumia oksaidi, kwa kuwa oksaidi hubeba madini mengi kwa uzito mdogo na haifyonzi unyevu stoo, lakini oksaidi ya chuma, ile nyekundu inayoupa mchanganyiko rangi ya kuvutia ya udongo, karibu hainufaishi mnyama yeyote. Rangi ya kijivu ya mchanganyiko huu, ambayo mnunuzi anaweza kuiona kuwa dhaifu, ni dalili njema. Zipo pia bidhaa ambazo madini yake yamefungwa na asidi-amino, nazo hufyonzwa vizuri hasa mahali penye fiteti nyingi. Huu hauna, wala hausemi kwamba unao.

Kuhusu iodini, miligramu 1 kwa kilo imekaa ndani ya mipaka ya 0.6 hadi 1.1 iliyopatikana kwa samoni aina ya chinook, na sina la kuongeza isipokuwa kumkumbusha msomaji kwamba madini haya si pambo. Mwanzoni mwa karne ya 20, trauti waliozalishwa vituoni katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, walivimba koo kwa wingi, na wengi waliamini kwamba ugonjwa huo ulikuwa saratani. Daktari David Marine, aliyeuchunguza karibu na mwaka 1910, alionyesha kwamba uvimbe huo ulikuwa goita iliyotokana na ukosefu wa iodini katika samaki waliolishwa maini na waliosongamana, na kwamba iodini kidogo sana iliutibu. Ni Marine huyo huyo ambaye mwaka 1917 alianza kuwapa iodini wasichana wa shule katika mji wa Akron, Ohio, kazi iliyosaidia kufungua njia ya chumvi yenye madini joto. Mfugaji wa vifaranga anayeona koo limevimba chini ya taya asikimbilie dawa za vimelea kabla hajajiuliza iodini inatoka wapi katika chakula chake.

Sasa nifike kwenye fosforasi, ambako nina malalamiko makubwa. Asilimia 12 inayotajwa kwenye mfuko inaonekana nyingi mpaka uifanyie hesabu ile ile: kilo 5 za mchanganyiko zina gramu 600 za fosforasi, na gramu 600 katika tani moja ni asilimia 0.06 ya chakula. Viwango vilivyochapishwa mwaka 2011 na Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani vinataka fosforasi inayotumika mwilini ya asilimia 0.33 kwa kambare wa Marekani, 0.4 kwa perege, na 0.7 kwa karpi na kwa trauti. Maana yake ni kwamba mchanganyiko unaojinadi kwa mifupa imara unampa perege chini ya sehemu moja ya sita ya anachohitaji, na karpi chini ya sehemu moja ya kumi.

Mtengenezaji anaweza kujibu kwamba iliyobaki inatoka katika viungo vingine, na jibu hilo ni la kweli pale tu ambapo chakula kina unga wa samaki wa kutosha. Soya ina fosforasi ya kiasi cha asilimia 0.65, lakini takriban theluthi mbili zake zimefungwa ndani ya fiteti, na samaki hana kimeng'enya cha kutosha cha kuifungua. Chakula ambacho nusu yake ni soya kwa hiyo kinapata kutoka kwenye soya hiyo fosforasi inayotumika ya asilimia 0.1 hivi. Pumba za mpunga zina fosforasi nyingi zaidi kwenye karatasi, lakini sehemu kubwa zaidi nayo imefungwa. Mfugaji anayepunguza unga wa samaki kwa sababu ya gharama, akiamini kwamba mfuko wa madini utaziba pengo, anabaki na pengo lile lile. Dalili zake si za kutisha mwanzoni: vifaranga wanakula lakini hawakui kulingana na walichokula, miili inakuwa na mafuta mengi kuliko kawaida, mifupa inakuwa laini, na baadaye migongo inapinda, na kwa karpi hata mifupa ya paji la uso huharibika. Kwa kuwa samaki wanaendelea kula, mfugaji hulaumu mbegu ya samaki au maji.

Ubaya wa pili uko katika umbo lenyewe la fosforasi hiyo. Lebo inaitaja kuwa ni fosfeti ya dikalsiamu. Majaribio ya watafiti wa Kijapani ya miaka ya 1970, ambayo bado hutegemewa, yalionyesha kwamba fosfeti ya monokalsiamu hutumika mwilini kwa takriban asilimia 94 kwa karpi na kwa trauti, wakati ile ya dikalsiamu hutumika kwa asilimia 71 kwa trauti na 46 tu kwa karpi, na ile ya trikalsiamu, ambayo ndiyo iliyo karibu na fosforasi ya mifupa, kwa asilimia 64 kwa trauti na 13 kwa karpi. Tofauti hiyo inatokana na asidi ya tumbo: karpi hana tumbo linalotoa asidi, kwa hiyo hawezi kuyeyusha fosfeti ngumu. Perege na kambare wakubwa wanayo asidi hiyo, lakini bidhaa hii haijauzwa kwa ajili yao. Mabuu wa samaki wengi huanza kula kabla tumbo lao halijaanza kutoa asidi, na katika siku hizo za mwanzo wanafanana na karpi kuliko wanavyofanana na wazazi wao. Bidhaa yenye neno “vifaranga” kwenye jina lake ilipaswa kutumia fosfeti ya monokalsiamu, na sioni udhuru wa kutofanya hivyo zaidi ya bei ya malighafi.

Nimeshughulikia pengo hili kwa kununua fosfeti ya monokalsiamu peke yake na kuichanganya mbali na premiksi. Yenye fosforasi ya asilimia 22, kilo 10 kwa tani huongeza asilimia 0.22 ya chakula, karibu yote ikitumika, na kwa chakula cha perege chenye soya na unga wa samaki kidogo kiasi hicho kinafikisha pale panapotakiwa. Sishauri kwenda mbali zaidi ya hapo bila kupima, kwa sababu fosforasi isiyotumika hutoka kwenye kinyesi, hurutubisha mwani, na maji ya tangi la vifaranga yakigeuka kijani kizito hupungukiwa na oksijeni kabla ya alfajiri.

Kosa ambalo bidhaa hii inamwalika mtu kulitenda, na ambalo ndilo lililonifanya niandike, ni la kuongeza kipimo. Mfugaji anayeona migongo imepinda, akasoma “mifupa imara” kwenye mfuko, atafikiri kwamba kilo 5 hazikutosha. Ili afikishe asilimia 0.4 ya fosforasi kwa mchanganyiko huu peke yake, atahitaji kilo 33 kwa tani. Kwa kipimo hicho seleniamu iliyoongezwa inafika karibu miligramu 2 kwa kilo ya chakula, wakati sheria za Umoja wa Ulaya haziruhusu seleniamu yote katika chakula kamili kuzidi miligramu 0.5. Mahitaji ya trauti ni kati ya miligramu 0.15 na 0.38, na trauti waliopewa miligramu 13 kwa kilo walionyesha madhara ya wazi ya sumu. Kati ya kinachohitajika na kinachodhuru pana nafasi finyu kuliko katika madini mengine yote yaliyo kwenye orodha, na shaba nayo ingekuwa imepanda hadi zaidi ya miligramu 26. Onyo la mstari mmoja dhidi ya kuzidisha kipimo lingetosha. Halipo.

Kuhusu usagaji, niliupitisha unga kwenye chekecheke laini na juu yake zikabaki chembe ngumu nyeupe zenye upana wa nusu milimita hivi, ambazo kwa jicho zilionekana kama mchanga wa pwani. Nilipozidondoshea siki zilichemka mapovu, ishara kwamba ni chokaa, na lebo inakiri kwamba chokaa ndiyo kibebeo, yaani unga wa kujazia unaobeba madini mengine. Chokaa kwa kiasi hiki haina madhara kwa zinki, kwani kalsiamu inayoongezeka ni ndogo sana. Tatizo ni ukubwa wa chembe. Kifaranga mwenye uzito wa gramu 0.1 anayekula asilimia 10 ya uzito wake hula miligramu 10 za chakula kwa siku, na sehemu ya premiksi ndani ya chakula hicho ni miligramu 0.05. Chembe moja ya chokaa yenye upana wa nusu milimita ina uzito wa zaidi ya miligramu 0.1, kwa hiyo ina uzito unaopita mgao wa premiksi wa siku mbili wa kifaranga huyo. Kama chembe za salfeti nazo zina ukubwa kama huo, basi kifaranga mmoja anapata zinki ya wenzake wote na wengine hawapati kitu, hata kama wastani wa gunia zima ni sahihi kabisa. Kwa samaki wakubwa hili halina maana yoyote, na kwa vifaranga lina maana kuliko nusu ya mambo yaliyoandikwa kwenye lebo. Unga wa kweli wa vifaranga unapaswa kupita wote kwenye chekecheke hilo bila mabaki.

Mwenye mashine ya kusagia anaweza kuurudia kabla ya kuchanganya, akijifunika pua na mdomo vizuri, maana vumbi la seleniamu na shaba si la kuvutwa. Kisha asiumwage premiksi moja kwa moja kwenye rundo la chakula. Kwa kilo 10 za chakula kipimo ni gramu 50, na gramu hizo 50 zichanganywe kwanza na nusu kilo ya unga laini wa soya hadi rangi iwe moja, halafu mchanganyiko huo ndio uingie kwenye chakula kilichobaki kidogo kidogo.

Ninakubaliana kabisa na uamuzi wa mtengenezaji wa kutoweka vitamini ndani ya mfuko huu. Bidhaa zinazounganisha madini na vitamini pamoja zinavutia kwa urahisi wake, lakini shaba na chuma huharakisha kuharibika kwa vitamini, hasa vitamini C, na unyevu ukiingia kazi hiyo huenda haraka zaidi. Vitamini C inahitajika kwa ajili ya mifupa ya kifaranga kama vile fosforasi inavyohitajika, na ni afadhali ihifadhiwe kando, ikiwa katika umbo lake la fosfeti linalodumu. Magnesiamu nayo haimo, na haihitajiki kuongezwa: samaki hutosheka na asilimia 0.04 hadi 0.06, na soya na pumba zinayo zaidi ya hiyo.

Kuna mipaka mingine ambayo si kosa la bidhaa. Chakula cha vifaranga ni punje ndogo sana, na kadiri punje inavyokuwa ndogo ndivyo uso wake unavyokuwa mkubwa kulingana na ujazo wake, kwa hiyo salfeti zile zile nilizozisifu kwa kuyeyuka haraka huyeyukia pia kwenye maji kabla samaki hajameza. Kulisha kidogo kidogo mara nyingi, na kufunga chakula kwa wanga uliopikwa au kwa mafuta yanayopakwa mwishoni, hupunguza hasara hiyo. Wanaolea mabuu wa samaki wa baharini kwa rotifa, vijidudu vya majini vinavyolishwa vikiwa hai, wasitarajie premiksi hii iwasaidie moja kwa moja. Rotifa huwa na manganizi, zinki na seleniamu pungufu kuliko kopepodi, viumbe wadogo jamii ya kamba ambao mabuu hula baharini, lakini pengo hilo huzibwa kwa kuwarutubisha rotifa wenyewe, na unga wenye kibebeo cha chokaa utazama chini ya tangi.

Nilichokiona katika matangi yangu ya perege kinalingana na hesabu. Premiksi ilipoongezwa peke yake kwenye chakula chenye soya nyingi, vifaranga walichangamka, mapezi yao yalikuwa mazima zaidi na waliliendea chakula kwa pamoja badala ya wengine kubaki pembeni, lakini ukubwa wao ulibaki wa kupishana sana na waliopinda walikuwa bado wanaonekana. Fosfeti ya monokalsiamu ilipoingia, ndipo kundi lililofuata lilipolingana na ukuaji kwa kila kilo ya chakula ulipoonekana bila kutafutwa. Matangi machache si utafiti, na maji yangu ni laini, kwa hiyo sitayafanya haya kuwa ushahidi wa kila mahali.

Nyuma ya mfuko kuna madai mawili ambayo mtengenezaji angefanya vyema kuyafuta. La kwanza ni kwamba bidhaa “huzuia ulemavu wote wa mifupa”. Ulemavu wa vifaranga hutokana pia na ukosefu wa vitamini C, joto lisilofaa wakati wa kuangua mayai, mkondo mkali wa maji kwenye tangi, na kuzalisha ndugu kwa ndugu kizazi baada ya kizazi, na hakuna madini yatakayoponya hayo. La pili ni kwamba “huongeza kinga”. Upungufu wa zinki au seleniamu hudhoofisha kinga, hilo ni kweli, lakini kurudisha kilichopungua si sawa na kuongeza juu ya kilichotosha, na maneno hayo yanamsukuma mnunuzi kuelekea kwenye lile kosa la kuzidisha kipimo nililolieleza.

Limebaki suala la mfuko. Kilo 25 zinatosha tani 5 za chakula, na kituo kidogo cha vifaranga hakitumii tani 5 za chakula cha punje ndogo kwa muda mfupi. Salfeti hunyonya unyevu kila mfuko unapofunguliwa, na baada ya muda unga ulio juu hushikana kuwa mabonge ambayo hayachanganyiki tena sawasawa. Tarehe ya kutengenezwa imeandikwa, lakini muda wa matumizi baada ya kufunguliwa haukuandikwa. Mpaka mtengenezaji atakapotoa mifuko ya kilo 1 au 2, mnunuzi augawe mfuko siku ile ile anapoufungua katika vyombo vidogo vyenye vifuniko vinavyobana, kila kimoja kikiandikwa tarehe na kipimo cha gramu 5 kwa kilo ya chakula, na atakapoona bonge lisilovunjika kwa vidole aliondoe asilichanganye.